Usafiri wa Kufika Mutukula Nje ya Msimu wa Hija: Mwongozo kwa Mahujaji wa Kasulu na Kibondo

Kwa hujaji wa Kasulu au Kibondo anayekusudia kwenda kwa miguu Namugongo, mahali pa hija ya Wafiadini wa Uganda, mahali panapofaa kuanzia kutembea ni Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda. Kutoka hapo barabara hupita Kyotera, Masaka, Lukaya, Kayabwe unapopita mstari wa ikweta, Mpigi na Kampala, jumla ya kilomita zinazokaribia 235. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa siku, hiyo ni safari ya siku nane. Lakini kutoka stendi ya Kasulu hadi Mutukula ni zaidi ya kilomita 500, maradufu ya hija yenyewe, na sehemu hiyo haina nyimbo wala msalaba wa kubebwa mbele. Wengi huweka akili yote kwenye viatu na rozari, usafiri wakawaachia wapiga debe.

Katika msimu, kosa hilo halimwumizi mtu sana. Sikukuu ya Wafiadini wa Uganda ni tarehe 3 Juni, siku ambayo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo mwaka 1886, enzi za Kabaka Mwanga. Wafiadini 22 wa Kikatoliki walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964. Waanglikana 23 waliuawa katika mateso hayohayo, na Kanisa lao lina mahali pake pa kumbukumbu hapohapo Namugongo. Kwa Kasulu hilo si jambo dogo: mji huo ni makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana, na jirani yake Kabanga ni misheni ya Wakatoliki, hivyo kundi moja la mahujaji linaweza kuwa na watu wa madhehebu yote mawili. Mwezi Mei unapofika, majina huandikwa kwenye jumuiya, michango hukusanywa, basi hukodiwa, na parokia za njiani upande wa Uganda huwa zimeshajiandaa kupokea watu. Hujaji hulipa sehemu yake na kuketi kwenye siti aliyoonyeshwa.

Nje ya msimu mambo hayo yote hayapo. Hata hivyo sababu za kwenda nje ya msimu ni za kweli. Mei na Juni ni wakati wa mavuno katika nyanda za juu za Kigoma, na mkulima mwenye maharage na mahindi shambani haachi mazao yake kwa wiki mbili. Mwalimu hawezi kufunga darasa. Aliyeweka nadhiri kwa ajili ya mgonjwa hangoji kalenda. Wapo pia wanaotaka tu kusali Namugongo bila kubanwa na umati. Watu wa namna hii hawana budi kujipangia usafiri wenyewe, na kazi hiyo huanza kwa kuchagua mwezi.

Mwezi huchaguliwa kwa kutazama mbingu mbili. Kasulu na Kibondo zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei. Kusini mwa Uganda mvua huja mara mbili: Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba na wakati mwingine Desemba. Kwa hiyo mbingu ya Buha, yaani ya Kasulu na Kibondo, ndiyo inayoamua kama basi litafika, na mbingu ya Buganda ndiyo inayoamua kama mtu atatembea mkavu. Kipindi ambacho pande zote mbili ni kavu ni kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti, na hapo ndipo penye nafasi nzuri kwa anayekosa sikukuu: mavuno yameingia ndani, pesa kidogo ipo mfukoni, barabara ni ngumu kwa vumbi tu. Januari na Februari zinavutia kwa upande wa Uganda, lakini upande wa Kigoma ni katikati ya mvua. Yeyote aliyewahi kusimama saa tatu kwenye mchepuko wa barabara karibu na Kakonko, magari yote yakingoja lori lililokwama livutwe, anajua maana yake.

Mfano wa mvua ya upande wa pili nao upo. Mei 2023, wiki chache kabla ya sikukuu, mafuriko yaliharibu daraja la mto Katonga kwenye barabara kuu ya Masaka kwenda Kampala, na magari yakalazimika kuzunguka mbali. Hujaji anayepanga safari ya miezi ya mvua anapaswa kupiga simu kwa mtu aliye Masaka au Mpigi siku chache kabla ya kuondoka, asitegemee habari za mwezi uliopita.

Jambo linalosahaulika ni kwamba msimu wa hija na msimu wa mabasi ni vitu viwili tofauti. Desemba ni kimya Namugongo, lakini kwa mabasi ya Kigoma ni mwezi wa vurugu: Waha walioko Dar es Salaam, Mwanza na Kahama wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na mwanzoni mwa Januari wote wanaondoka kwa wakati mmoja, pamoja na wanafunzi wa bweni na masanduku yao. Anayechagua kuondoka Kasulu tarehe 4 Januari kwa kudhani ni wakati wa utulivu atakuta siti zimekatwa siku nyingi. Kinyume chake, katikati ya Februari au mwishoni mwa Julai, shida ni abiria kuwa wachache. Basi likiwa na watu kumi na tano, mwenye gari huona hasara, na abiria hufaulishwa: wanashushwa Kibondo au Nyakanazi na kuhamishiwa basi la kampuni nyingine, mara nyingi bila siti za uhakika. Tiketi ihifadhiwe hadi mwisho wa safari, kwa maana ndiyo ushahidi pekee kwamba nauli ililipwa hadi mwisho wa njia. Nauli elekezi za LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, zipo, na wakala anayetoza zaidi ya hapo kwa kisingizio cha gari kuwa tupu hana haki hiyo.

Baada ya kuchagua mwezi huja karatasi, na karatasi zianze mapema kuliko tiketi. Mtanzania havuki Mutukula kwa kitambulisho cha taifa peke yake. Anahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria itolewayo na Uhamiaji. Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa mwaka 2018 kwa ada ya Sh150,000, hudumu miaka kumi, lakini kwa mtu wa Kibondo gharama yake halisi ni pamoja na safari za kwenda Kigoma mjini. Kwa anayesafiri mara moja, hati ya dharura inatosha. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo ni ya lazima. Chanjo hiyo huchomwa siku kumi au zaidi kabla ya kuvuka, na ikishachomwa haina haja ya kurudiwa maisha yote. Kadi hiyohiyo hudaiwa wakati wa kurudi.

Kitambulisho cha NIDA kisiachwe nyumbani hata kama pasipoti ipo. Kibondo, Kasulu na Kakonko ni wilaya za mpakani zilizopokea wakimbizi kwa miongo kadhaa, kambi za Nyarugusu na Nduta zikijengwa ndani yake, na ukaguzi wa uraia njiani ni jambo la kawaida. Muha anayezungumza kwa lafudhi inayofanana na Kirundi anaweza kushushwa kwenye basi na kuhojiwa babu yake alizaliwa wapi. Ni kero, na wenyeji wanaijua vizuri. Kitambulisho kikiwa mfuko wa shati, mahojiano huisha kabla kondakta hajakasirika.

Karatasi ya mwisho ni barua ya paroko au mchungaji. Katika msimu hakuna anayeiulizia. Nje ya msimu ndiyo inayofungua mlango wa parokia saa moja usiku. Iandikwe kwa Kiingereza, itaje majina yote ya kundi, namba za hati zao na tarehe za safari, na iwe na muhuri. Barua iliyoandikwa kwa Kiswahili humfikisha mtu Bukoba, lakini katika vijiji vya Buganda wasomaji wake ni wachache.

Safari yenyewe ina bawaba moja, nayo ni Nyakanazi. Kutoka Kasulu hadi hapo, kupitia Makere, Kibondo, Kakonko na Kabingo, ni takriban kilomita 240. Ujenzi wa lami kwenye njia hii umebadilisha maisha ya nyanda hizi kuliko jambo lingine lolote la miaka ya karibuni. Zamani ilikuwa safari ya kutwa nzima, na katika miaka ya ujambazi mabasi yalisindikizwa na askari wenye silaha. Leo basi linaloondoka Kasulu alfajiri huweza kufika Nyakanazi karibu na adhuhuri. Kasulu ni mji wa baridi saa hizo. Ukungu bado umelala juu ya migomba, abiria wamejifunga khanga na majaketi, na kijana wa buti anauliza kila mzigo unashukia wapi. Hapo ndipo pa kusema kwa sauti: Nyakanazi. Begi lililowekwa chini ya magunia ya maharage yaendayo Mwanza litatolewa kwa shida, au halitatolewa kabisa.

Njia ya kwanza ni basi la moja kwa moja linalotoka Kigoma kwenda Bukoba. Likipatikana, ndilo bora, maana hupita Nyakanazi, Lusahunga, Biharamulo na Muleba bila abiria kubadilisha gari. Udhaifu wake ni siti: katika miezi yenye abiria wengi, linapofika Kibondo huwa limeshajaa kutoka Kigoma na Kasulu. Mtu wa Kibondo hufanya vizuri kumtuma ndugu akakate tiketi Kigoma au Kasulu siku mbili kabla, akalipia siti kutoka huko hata kama atapandia Kibondo. Tofauti ya nauli ni ndogo kuliko hasara ya kusimama njia nzima.

Njia ya pili ni kupanda basi lolote liendalo Mwanza, Kahama au Dar es Salaam, kushuka Nyakanazi, na kuunganisha. Njia panda hiyo haikosi gari, kwa sababu malori na mabasi ya Rwanda, Burundi, Bukoba na Kigoma yote hukutana hapo. Basi likisimama, madirisha hujaa mabeseni ya karanga, mayai ya kuchemsha na ndizi za kuchoma, na kondakta anapita kwenye njia ya katikati akiuliza, "Mama, unashuka hapa au unaendelea?" Anayejibu kwa kusitasita hujikuta Kahama. Kutoka Nyakanazi hadi Bukoba kuna mabasi yanayopita mchana, na vipo vigari vidogo, Noah na michomoko, vinavyokwenda hatua kwa hatua: Lusahunga, Biharamulo, Muleba. Michomoko ni ya haraka lakini hujaza watu kupita kiasi, na mtu anayekwenda kutembea siku nane hana sababu ya kukaa saa tatu magoti yakiwa kifuani. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, kwa hiyo yapo pia yanayopita Nyakanazi saa nane za usiku. Ni vyema kuyaacha. Kushushwa njia panda usiku na begi la hija ni kujitafutia mkasa.

Mkato wa kupitia Karagwe upo kwenye ramani: kutoka Lusahunga kuelekea Rusumo, kuacha lami kuu Benaco, kupita Bugene hadi Kyaka, kisha Mutukula bila kugusa Bukoba. Kwa gari la kukodi ni njia ya kufikiriwa wakati wa kiangazi. Kwa usafiri wa umma hubadilishwa magari mengi mno. Tena ina mtego wa jina. Benaco iko kata ya Kasulo, wilaya ya Ngara, na Kasulo si Kasulu. Anayerudi nyumbani kwa njia hiyo na kuomba tiketi ya "Kasulu" kwa mkatisha tiketi wa Karagwe aangalie vizuri herufi ya mwisho kabla ya kulipa.

Wenye muda wanaweza kwenda Mwanza kwanza na kupanda meli. MV Victoria, iliyorudi ziwani mwaka 2020 baada ya ukarabati, husafiri usiku kwenda Bukoba ikipitia Kemondo. Ni mzunguko mkubwa na ratiba si ya kila siku, lakini hujaji hulala amejinyoosha, na miguu ikafika bila kuvimba. Kwa wazee wa kundi, huo ndio ushauri bora kuliko wote.

Kundi la watu kumi au zaidi lifikirie gari la kukodi. Haisi yenye abiria kumi na wanne kutoka Kasulu hadi Mutukula si ghali kama inavyodhaniwa, mradi mambo matatu yakubaliwe mwanzoni na kuandikwa. Kwanza, dereva atapiga hesabu ya kurudi mtupu. Njia ya kupunguza hesabu hiyo ni kumruhusu achukue abiria wake wakati wa kurudi, na kuondoka siku ambayo Bukoba kuna wasafiri wa kuja Kigoma. Pili, gari liwe na kibali cha LATRA cha safari ya kukodi, la sivyo kila kizuizi cha barabarani kitakuwa mazungumzo marefu ambayo mwishowe hulipiwa na abiria. Tatu, gari liishie Mutukula. Kulivusha kunahitaji bima na karatasi nyingine za gari, na mtu anayekuja kutembea hana haja na gari ng'ambo. Malipo yatolewe nusu kwa nusu: nusu Kasulu, nusu Mutukula. Anayelipa yote mwanzoni hujikuta gari limepata "hitilafu" Biharamulo.

Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, siku ya kufika isiwe siku ya kuanza kutembea. Mwili uliokaa kwenye basi saa kumi na mbili hubeba miguu iliyovimba, na viatu vilivyomtosha mtu Kasulu humbana Mutukula. Mpango unaofaa ni kuhesabu kinyumenyume. Ikiwa hatua ya kwanza ni Jumatatu asubuhi, Jumapili ni ya kusali na kupumzika Bukoba, kisha kwenda Mutukula jioni, mwendo wa kilomita 80 kupitia Kyaka. Jumamosi ni ya basi kutoka Nyakanazi au Biharamulo. Ijumaa ni ya kuondoka Kasulu au Kibondo. Siku moja ya akiba iwekwe mbele ya yote, yaani Alhamisi, na kama haikuhitajika itumike Bukoba. Kulala Biharamulo badala ya Nyakanazi ni uamuzi wa busara kwa anayetaka usiku wa kimya, kwani Nyakanazi malori hayanyamazi.

Afya ya njiani haitazamwi kwa malaria peke yake. Ugonjwa wa Marburg ulitangazwa wilaya ya Bukoba Machi 2023, na Januari 2025 ukatangazwa Biharamulo, katikati kabisa ya njia hii. Uganda nayo ilipata Ebola Septemba 2022 na tena Januari 2025. Nyakati kama hizo mpaka haufungwi, lakini hupimwa joto la mwili, maswali huwa mengi, na mtu mwenye homa ya kawaida anaweza kuzuiwa. Kabla ya kulipia chochote, hujaji aulize kituo cha afya cha wilaya kama kuna tangazo lolote kuhusu mkoa wa Kagera au Uganda. Wakati wa mlipuko, kundi liahirishe safari. Nadhiri haina tarehe ya kuisha.

Mutukula ni kituo cha pamoja cha mpaka, ambapo maofisa wa nchi mbili hugonga mihuri chini ya paa moja. Mahujaji wafike pamoja, hati mkononi, barua ya paroko juu yake, na waseme wanachokwenda kufanya. "Naenda kutembea" bila maelezo huwashangaza maofisa mwezi Februari, ingawa Mei wasingeuliza. Pesa ibadilishwe kidogo hapo, ya chakula na malazi ya siku tatu, na iliyobaki Masaka. Baada ya lango, magari ya Uganda hupita kushoto kama Tanzania, kwa hiyo mtembeaji hushika upande wa kulia ili ayaone yanayomjia, na nje ya msimu hakuna polisi wala wahudumu wa kupunguza mwendo wa magari.

Kurudi ni rahisi zaidi, kwa sababu Kampala kuna mabasi yapitayo Mutukula na Bukoba, na kutoka Bukoba njia ni ileile hadi Nyakanazi. Nauli hiyo itengwe nyumbani kabla ya safari, ikatwe kwenye hesabu ya matumizi, na iwekwe mahali ambapo njaa ya Lukaya haitaifikia, iwe kwenye simu ya mtu aliyebaki Kasulu au kwenye mshono wa begi. Mahujaji wanaokwama Kampala mara nyingi si wale walioibiwa, ni wale waliokula nauli yao.